Harufu Nisiyoisikia

Waliokuwa nami wiki jana waliniacha nimelala chali kwenye kitanda cha hospitali, suruali iko kwenye kiti, nesi ananiambia nipumue. Wageni karibuni. Sitawaacha mlangoni, ngoja niwape kwa kifupi mlichokosa.

Mimi ni fundi wa kupiga rangi samani. Makabati, meza, vitanda, milango ya watu wenye nazo, vyote vimepita mikononi mwangu. Nimepuliza vanishi tangu sijaota ndevu, tena bila kitambaa usoni, maana enzi zile kujifunga kitambaa ilikuwa ni kujitia ulegevu. Pua yangu ilikufa kitambo. Uniletee waridi au uniletee soksi ya wiki nzima, kwangu mamoja.

Kisha nikakojoa damu. Wakaingiza kamera, wakaona uvimbe kwenye kibofu. Saratani. Wakaukwangua, ukarudi. Wakaukwangua tena, ukarudi na ndugu zake. Zikabaki njia mbili: nikatwe kibofu nitembee na mfuko kiunoni maisha yangu yote, au niingie kwenye majaribio ya dawa mpya.

Nikachagua majaribio. Wala si kwa ushujaa. Daktari aliuliza, nikausikia mdomo wangu unajibu.

Na niseme mapema: msinisubiri nilie. Tangu siku ya kamera nimekufa ganzi. Mke wangu ndiye analia kwa niaba yangu.

Daktari wa majaribio alikuwa binti mdogo mwenye miwani mikubwa, umri wa kitinda mimba wangu. Alivuta kiti, akakaa karibu.

"Baba, nisikilize. Tunachukua virusi, tunaving'oa meno visikuumize. Ndani yake tunaweka jeni. Jeni hiyo ikifika kwenye ukuta wa kibofu, inawaita askari wa mwili waje wapigane na saratani."

"Kwani hao askari wako wapi siku zote?"

"Wamelala."

"Kama walinzi wa karakana yetu."

Alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nasema kweli.

"Pamoja na hiyo," akaendelea, "kuna vidonge vya kitunguu saumu. Kinakamuliwa, kinakaushwa, kinatiwa ndani ya ganda. Tunadhani kinawasaidia hao askari waamke vizuri zaidi. Tunadhani tu. Ndiyo maana tunajaribu."

Kila mgonjwa angepata virusi vyenye jeni. Lakini vidonge, nusu yetu tungepewa vya kitunguu saumu na nusu vya unga mtupu, tusijue nani kapata nini.

"Wewe unajua?" nikamuuliza.

"Hata mimi sijui. Ila kuna miiko miwili. Usile kitunguu saumu nyumbani, na usigawane vidonge na mtu. Ukivunja, tunakutoa. Si kwa ubaya, baba. Tukiingiza uongo humu, watakaokuja nyuma yako ndio watakaoumia."

Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli, hilo silikatai.

Kitanda cha pili alilala dereva wa winchi, jitu la miraba minne, anayeshinda juu angani akinyanyua vyuma vya maghorofa. Wote walimwita Winchi. Yeye akanibatiza Vanishi siku hiyohiyo, bila kuomba ruhusa.

Siku za mrija, ule wa kutilia virusi kibofuni, tulikuwa pamoja. Dawa ikishaingia, huruhusiwi kwenda haja kwa saa mbili, na kila robo saa unageuzwa: chali, ubavu, tumbo, ubavu wa pili, ili dawa iguse kila pembe ya kibofu. Yeye alianzia kushoto, mimi kulia. Kwa hiyo kuna zamu tulipeana migongo na kuna zamu tulitazamana, wanaume wazima wawili, tumebana mapaja.

Siku nyingine tulipita asubuhi tu kuchukua vidonge. Nesi anakupa kwenye kikombe kidogo, mnakaa kwenye benchi, kuna jagi la maji, mnameza, kila mtu anakwenda kwenye shughuli zake. Winchi ndiye aliyemimina maji, maana mikono yake ilifika popote. Akishameza anafungua mdomo kumwonyesha nesi, hata kama nesi hakuuliza.

Ni kwenye zamu ya kutazamana ndipo aliponiuliza, "Vanishi, hebu ninuse. Nanuka nini?"

"Pua yangu hii pambo tu."

"Basi ngoja mimi nikunuse." Akanyoosha shingo, akavuta pumzi kama mama anayekagua nepi. "Hunuki kitu."

"Na wewe?"

"Mimi? Dada yangu kanihamishia kitanda barazani! Nesi akiingia anakimbilia dirisha. Mimi nimepata chenyewe, ndugu yangu." Kisha akashusha sauti. "Pole. Wewe wamekupa unga."

Hakulisema kwa kunikejeli. Alilisema kama mtu anayekwambia kamba ya kiatu imefunguka.

Nilifika nyumbani nikamkuta mke wangu anakunja nguo.

"Mama watoto, nanuka?"

Mikono yake ilisimama. Alijua ninauliza nini. Wagonjwa wote kwenye majaribio walikuwa wanajinusisha kwa wake zao, na wake wanaongea.

"Unanuka mpaka nimefua mapazia," akasema.

Siku hiyo nilimaliza sahani. Nikalala mchana kweupe, usingizi wa kukoroma.

Lakini maneno ya Winchi yaliniwasha. Nikaenda kwa kinyozi, maana hakuna mtu anayesogeza uso wake karibu na wako kama kinyozi, ukiondoa daktari wa meno.

"Nanuka kitunguu saumu?"

"Hapana, mzee wangu. Unanuka vanishi, kama kawaida. Kwani umekula?"

Nikarudi nyumbani nimenyolewa upande mmoja vizuri na upande mmoja hivihivi, kwa sababu nilisimama kabla hajamaliza.

"Kwa nini umenidanganya?"

Mke wangu hakujitetea. "Ulikuwa huli. Nilipokwambia unanuka, ukala. Ulitaka nikwambie nini, baba watoto? Kwamba wamekupa unga, ukae usubiri kufa?"

Nilitafuta hasira ndani yangu, sikuiona. Nikamwomba chai.

Wiki zikasonga. Nikaendelea na mrija, nikaendelea na vidonge vyangu vya unga kwa utiifu wa mwanafunzi wa darasa la kwanza. Chakula cha nyumbani nilikula nikiletewa, sikuuliza. Mtu ambaye pua yake imekufa hana mapishi ya kupenda. Chakula kwake ni moto au baridi, laini au kigumu, basi.

Kisha zamu moja ya kutazamana, Winchi akakurupuka mpaka mrija ukataka kuchomoka.

"We! Vanishi! Unanuka!"

"Acha utani."

"Haki ya Mungu! Unanuka kunishinda mimi! Nesi! Nesi, njoo umnuse mwenzangu!"

Nesi akaja, akarudi nyuma hatua moja, akafungua dirisha. Winchi akapiga makofi kitandani, anafurahi kana kwamba yeye ndiye aliyepona. Mimi nikajiambia labda vidonge vyangu ni vya kuchelewa. Nikapita kwa kinyozi.

"Mzee wangu," akasema kabla sijakaa, "leo nitakunyoa nikiwa nje, wewe toa kichwa dirishani."

Nikatabasamu. Nilikumbuka kwamba mtu akipata habari njema hutabasamu.

Siku ya kamera ikafika. Daktari alitazama kwenye kioo cha mashine kwa muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Baba, kibofu chako kimetakata. Hakuna kitu."

"Asante."

"Mbona hufurahi?"

"Nafurahi, daktari."

"Ila bado awamu tatu za mrija. Tukiziacha sasa kitu hiki kinaweza kurudi. Umeshaona tabia yake."

Nilikuwa nimeiona. Uvimbe ulirudi mara mbili nikiwa nimeshawaambia watu nimepona.

Winchi aliingia baada yangu. Alipotoka hakuhitaji kusema neno. Uvimbe wake ulikuwa umerudi, tena mkubwa kuliko wa kwanza. Yeye aliyemeza chenyewe, yeye aliyehamishiwa barazani.

"Wanakata," akaniambia. "Mimi napanda ngazi ya winchi kila asubuhi, Vanishi. Nipande na mfuko wa mkojo kiunoni? Vijana wa chini wakiniona?"

Akalia, mabega yanatikisa benchi zima. Nikamshika bega, nikawa nahesabu vigae vya sakafuni. Nasema haya kwa sababu nimeamua kusema yote.

Sasa sikilizeni yaliyotokea asubuhi ya upasuaji wake.

Niliitwa nami hospitali asubuhi hiyohiyo, nije na mke wangu. Kwenye korido tukamkuta dada yake Winchi amekaa kwenye benchi, rozari ya mbao mkononi. Winchi mwenyewe alikuwa ameshavaa gauni la kijani lililofungwa mgongoni, fupi, magoti nje. Daktari akaniita ndani peke yangu.

"Baba, damu yako imejaa kitunguu saumu. Si kidogo. Wenye utafiti wameshtuka, wakafungua siri ya kundi lako." Akanitazama usoni. "Wewe ni wa unga. Tangu siku ya kwanza. Umekitoa wapi?"

"Sijala."

"Una hakika?"

"Naapa kwa jina la mama yangu."

Na niliapa nikiwa safi kabisa.

"Basi kuna mtu alikuwa anakupa vidonge vyake. Toka nje ufikirie. Nimwite mwenzako kabla hajaingizwa kwa mpasuaji."

Nikatoka, Winchi akaingia. Dada yake alikuwa amekwenda kutafuta maji. Nikakaa karibu na mke wangu, nikamweleza. Nilitegemea ashangae kama mimi.

Hakushangaa. Alikuwa anavuta uzi kwenye ukingo wa kanga yake.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Nilikuwa nakutilia. Nakisaga, nakikaanga na mafuta, natia kwenye mchuzi, kwenye maharage, kwenye uji. Tangu ulipotoka kwa kinyozi ile siku. Wewe husikii harufu, na ulimi wako nao umelala. Nilisema kama hospitali wamemnyima, mimi simnyimi."

"Hata kwenye chai?"

Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

"Kwenye chai hapana," akasema, machozi yanamtoka. "Ningekutilia vipi kwenye chai?"

Wiki zote zile nilikuwa nakula dawa ya wizi kwenye meza yangu mwenyewe, mtaa mzima unainusa isipokuwa mimi.

"Umepona au hukupona?" akaniuliza. "Basi nyamaza. Ukisema, watakutoa, na mrija bado. Mwambie hujui. Hukujua, si kweli?"

Kweli, mpaka dakika ile nilikuwa sijui.

Mlango ukafunguliwa. Daktari akaniita tena, akaurudishia bila kuubana. Winchi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wagonjwa, magoti makubwa yamebanana, macho sakafuni.

"Mwenzako amekiri," daktari akasema.

"Amekiri nini?"

"Anasema kila asubuhi alikuwa anapasua kidonge chake, nusu anameza, nusu anatia kwenye maji yako. Alikuonea huruma kwa sababu hunuki. Wewe hukujua."

Nikamtazama Winchi. Hakuinua kichwa. Huyu mtu alikuwa anameza vidonge vyake vizima mbele yangu kila asubuhi ya Mungu, kisha anaachama mdomo kuonyesha mpaka koo. Hajawahi kunipa hata punje.

Ikanichukua muda, kisha nikaelewa.

Daktari akanifafanulia hata nilichokuwa nimeshaelewa. "Kama ni kweli, wewe huna kosa, utamaliza awamu zako. Na yeye hakupata dawa kamili, alipata nusu. Hatuwezi kusema dawa imemshinda. Mwiko ameuvunja, kundi hili ametoka, lakini naweza kumwondoa kwenye upasuaji leo, nimwanzishie upya na kundi lijalo."

"Ndiyo hivyo," Winchi akasema, sauti imekauka. "Nianzishiwe upya."

"Lakini kama ni uongo," daktari akavua miwani, na bila miwani alionekana mtoto kweli, "kama alimeza vyote na uvimbe ukarudi, basi dawa hii haimfai. Na uvimbe wake uko karibu sana kufika kwenye msuli wa kibofu. Mpasuaji anasema akikatwa leo atapona. Nikimrudisha kwenye vidonge, nitakuwa namsindikiza kaburini huku nikimtabasamia. Umesikia, mzee wa winchi?"

"Nimesikia."

"Na bado unasema ulimpa?"

"Nilimpa."

Daktari akanigeukia. "Kipimo kinaonyesha ana kitunguu saumu kwenye damu, lakini hakiniambii kama ni nusu au kizima. Nimebaki na wewe tu. Mlikaa benchi moja, mlitumia jagi moja. Maji aliyokumiminia yalikuwa safi, au yalikuwa na ukungu?"

Maji yalikuwa safi. Yalikuwa safi kila siku, unaona mpaka nyufa za chini ya bilauri.

Nikajua kila kitu kwa wakati mmoja. Nikisema safi, itabidi niseme kitunguu saumu kilitoka kwenye sufuria yangu. Mimi nje, mrija hakuna, na kile kitu kitarudi kibofuni mwangu kama kilivyorudi mara mbili. Na Winchi atakatwa, ataishi, atanichukia. Nikisema ukungu, mimi nabaki, mke wangu habanwi, na Winchi anatoka hapa na kibofu chake, anacheka, mpaka siku atakapoacha kucheka.

Winchi akainua kichwa hatimaye. Macho yake yalikuwa yananiomba kama mbwa wa mtu mwingine.

Nilisubiri moyo useme kitu. Haukusema.

"Yalikuwa na ukungu, daktari," nikasema. "Nilidhani ni mabomba."

Daktari akashusha pumzi ndefu. Sikujua kama ni ya nafuu au ya kuchoka. Akanyoosha mkono kwenye simu ya mezani, akabonyeza namba za chumba cha upasuaji.

Winchi akafunika uso kwa mikono yake miwili. "Asante, ndugu yangu," akasema ndani ya viganja. "Sitakusahau."

Hiyo asante niliisikia. Kwa mbali, kama sindano kwenye fizi iliyopigwa ganzi, lakini niliisikia.

Ndipo mlango uliorudishiwa bila kubanwa ulipofunguka wote. Mke wangu amesimama, kanga imemtoka begani.

"Daktari, usipige hiyo simu. Hakumpa kitu. Kitunguu saumu ni cha kwangu, mimi ndiye niliye—"

"Daktari, msamehe mke wangu," nikasema. Sauti yangu ilikuwa tulivu, ile ninayowapa wateja samani yao ikiwa haijakauka. "Hajalala siku nyingi. Ugonjwa wangu umemvuruga, siku hizi anajitwisha kila kosa. Mama watoto, kakae nje, nakuja."

"Shemeji," Winchi naye akasema haraka, bado kaziba uso, "nenda kapumzike, shemeji yangu."

Tulikuwa wanaume wawili tunamsukuma nje mwanamke mmoja kwa maneno ya upole.

Daktari alikuwa ameshika simu sikioni. Kule upande wa pili mtu alisema haloo, mpaka mimi nikamsikia. Daktari akaweka kiganja kwenye simu.

"Mama," akasema, "malizia ulichokuwa unasema."

Mke wangu hakumtazama daktari. Alinitazama mimi. Nimeishi na macho yale miaka yote ya ndoa, na sikuwahi kuyaona yakinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka wapi tulikutana.

"Baba watoto," akasema, "dada yake amerudi na maji. Yuko hapa mlangoni nyuma yangu, anamshukuru Mungu kwamba kaka yake anakatwa leo na atapona. Nigeuke nimwambie nini?"